Shahidi wa Pili

Hebroni, mwezi wa sita, siku ya ishirini na mbili

Kwa baba yangu Meshulamu, mwalimu wa langoni, Bethi-Haruvi.

Baba, pokea salamu zangu. Nimefika, na ni mzima.

Nilikimbia siku mbili bila kugeuka nyuma. Pale langoni mwa Hebroni niliwaeleza wazee yote huku nahema: kwamba mimi na Pelatia mwana wa Zakuri tulikuwa tunakata mwaloni ili tupate boriti ya paa la mama yake, kwamba nilinyanyua shoka, chuma kikachomoka kwenye mpini, kikampiga kwenye paji la uso, kwamba alikata roho kabla sijamfikia. Wakanipa maji na mahali pa kulala. Lakini wakaniambia wazi kwamba hifadhi hii ni ya muda tu.

Wazee wa kwetu ndio watakaoamua. Wakiona niliua kwa bahati mbaya, nitaishi katika mji huu wa makimbilio mpaka kuhani mkuu afe, na Hananeli nduguye marehemu hatanigusa. Wakiona niliua kwa chuki, watatuma watu wanitoe humu kwa kamba, wanikabidhi kwa Hananeli. Yeye ndiye mlipiza kisasi, na wewe unamjua alivyo.

Mpaka wetu ni mawe yaliyopakwa chokaa, dhiraa elfu mbili kutoka ukutani. Juzi nilitembea hadi huko ili ninyooshe miguu, nikamwona mtu amekaa upande wa pili anakula tini. Alikuwa Hananeli. Hakunitukana, wala hakuinuka. Alinitazama tu, akaendelea kula tini zake, nami nikarudi ndani.

Baba, wazee watakuuliza kama nilimchukia Pelatia. Waambie hapana. Nakuomba neno hilo moja tu.

Mwanao, Elishama

*

Bethi-Haruvi, mwezi wa saba, siku ya pili

Kwa mwanangu Elishama.

Imla muuza mitungi amenifikishia barua yako, akala chakula changu chote, akaniambia umekonda. Mungu akulinde, mwanangu. Tangu uondoke nimepika dengu mara mbili, na mara zote mbili nimezipika za watu wawili.

Wazee wamepanga kukaa mwezi mwandamo wa mwezi wa nane. Hananeli amewaletea shahidi: Shimri, yule anayekanyaga zabibu. Shimri amewaambia maneno uliyoyasema shinikizoni, pale pa kukamulia zabibu, miaka mitatu iliyopita. Sheria yetu, kama unavyojua, haimtoi mtu uhai kwa kinywa kimoja. Lazima viwe viwili. Kwa hiyo wakamuuliza Shimri ni nani mwingine aliyesikia. Akawaambia siku hiyo tulikuwa watatu tu: wewe, yeye, na mimi.

Sasa wananitazama mimi. Nikipita sokoni watu hunyamaza, na hata mwanamke aniuziaye vitunguu amekuwa ananiita bwana mwalimu.

Wewe kaa ndani ya mawe. Kula ulichopewa, usibishane na wenyeji, na usichelewe kuamka. Niliwafundisha nyote kwamba mwenye haraka hufika penye shimo kabla ya jua kuchomoza, na mwenye subira hulikuta limeshafukiwa. Yatafakari hayo.

Baba yako, Meshulamu

*

Hebroni, mwezi wa saba, siku ya tisa

Kwa baba yangu.

Nilikuomba neno, ukanipa fundisho. Nimeisoma barua yako mara nne natafuta mahali ulipoandika kwamba utasema hapana, sijapaona. Umeandika habari za dengu na vitunguu.

Najua nilichosema shinikizoni. Mbuzi wa Pelatia walikuwa wameingia shambani, wamemaliza safu sita za mizabibu wiki moja kabla ya kuvuna, naye badala ya kuomba radhi alicheka, akasema mbuzi wake wana akili ya kuchagua kilicho kitamu. Ndipo nikasema iko siku nitakipasua kile kichwa chake kama kuni. Nikasema mbele ya Shimri na mbele yako. Wewe ulinikemea palepale. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hilo nalijua leo kuliko ulivyowahi kunifundisha.

Lakini hayo ni ya miaka mitatu, na wewe mwenyewe ulitupatanisha. Ulitukalisha mezani kwako, tukachovya mkate katika bakuli moja. Ni wewe uliyesema, mama yake Pelatia alipovujiwa, kwamba niende na mwanawe nikamkatie boriti, maana asiyembebea jirani mzigo huja kumbeba kwenye jeneza. Nikaenda. Tulikuwa tunataniana pale msituni, baba. Pelatia alikuwa ananiambia nashika shoka kama bibi harusi.

Sasa nikuambie linalonitisha kuliko Hananeli. Siku hizi nautazama mkono wangu wa kuume, nauliza kama ulijua. Nilikuwa nacheka, ni kweli, lakini niliwahi kumchukia mtu yule, na sijui chuki ikitoka huenda wapi. Labda haikutoka. Labda ilikaa mkononi ikisubiri nafasi.

Humu kuna mzee mmoja, Yakini, ana miaka kumi na miwili hapa. Ananicheka kila siku. Mama yake kuhani mkuu hutuletea mikate na kanzu, ili tusimwombee mwanawe kifo. Yakini hula mikate mitatu, kisha husema, "Kila nikifungua mdomo niombe afe, nasikia ladha ya mkate wa mama yake." Wote hucheka. Mimi nimecheka mara moja tu, kisha nikahesabu miaka ya yule kuhani. Hajafika hamsini.

Niambie utasema nini. Siogopi kufa kama ninavyoogopa kutojua.

Elishama

*

Bethi-Haruvi, mwezi wa saba, siku ya kumi na nne

Mwanangu.

Kesho sikukuu ya vibanda inaanza, na mwaka huu sikujenga kibanda. Nimekaa ndani na mlango nimeufunga, nikuandikie jambo ambalo nililikwepa katika barua iliyopita. Ndiyo sababu nilikuandikia dengu.

Shoka lile lilikuwa langu. Siku mbili kabla hujaenda msituni nililishika, nikasikia chuma kinacheza. Kiangazi kilikuwa kimekausha mpini. Mtu yeyote mwenye akili angechonga kabari, aigongee, au angetafuta mpini mwingine. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi nilililoweka shoka katika mtungi usiku kucha ili mti uvimbe na kukibana chuma. Asubuhi likawa imara, nikaliona limepona. Na wewe ulipokuja kulichukua uliniuliza, nakumbuka uliniuliza, "Baba, hili shoka liko sawa?" Nikakujibu, "Chombo cha Meshulamu hakina kasoro."

Mti uliovimba kwa maji hukauka tena ukikaa juani nusu siku. Mtoto wa miaka saba anajua hivyo. Nimewafundisha vijana wa kijiji hiki kwa miaka arobaini kwamba mvivu huziba ufa kwa udongo mbichi, kisha hushangaa mvua. Niliyasema hayo langoni jioni ileile, shoka likiwa ndani ya mtungi.

Kwa hiyo usiuulize mkono wako. Mkono wako haukujua kitu. Aliyejua ni mimi.

Tangu Pelatia afe nimemwona mama yake mara tatu. Mara zote amenisalimu kwa heshima, akaniuliza hali yako. Mara zote nimemjibu, nikaenda zangu. Naogopa, Elishama. Ninaogopa kuvuliwa heshima yangu mbele ya vijana niliowachapa vidole kwa kukosea herufi, na ninamwogopa Hananeli, ambaye ni mmoja wao. Sikujua kwamba mtu wa umri wangu bado anaweza kuogopa hivi.

Uliniuliza nitasema nini. Nitasema yote mawili. Nitasema maneno yako ya shinikizoni, kwa sababu niliyasikia. Nitasema la shoka, kwa sababu nililifanya. Nikikuficha wewe nitakuwa nimejificha mimi, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Baba yako

*

Hebroni, mwezi wa saba, siku ya ishirini

Baba.

Imla anasubiri langoni na punda wake anakula kapu la mtu, kwa hiyo naandika kwa haraka.

Usiseme la shoka. Nakusihi. Mimi nina kuta na mawe ya chokaa. Wewe una mlango wa mbao ambao hata mbuzi wa Pelatia walikuwa wanausukuma kwa pembe. Mji wa makimbilio ni kwa aliyepiga, siyo kwa aliyelowesha mpini. Wazee hawatakupa adhabu yoyote, na ndiyo maana Hananeli atakupa. Hatakuwa na haki juu yako, lakini tangu lini huzuni ikaomba haki?

Na ukiwa umeamua kusema kweli, basi sema moja tu. Sema la shinikizoni. Waache wanichukue. Nimeshawaza jinsi itakavyokuwa: watakuja watu wanne au watano, wengi nitakuwa nawajua, nao watanifunga mikono huku wananiomba radhi. Nimeyawaza sana hata nimeyazoea. La wewe kuwa peke yako mbele ya Hananeli sijalizoea.

Sikujua kwamba nilikuuliza habari za shoka. Sikumbuki kabisa. Ungeweza kulificha hilo milele, baba, na mimi nisingejua. Sina hasira nawe. Nilitaka uwe nalo hilo kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Elishama

*

Bethi-Haruvi, mwezi wa nane, siku ya pili

Mwanangu, utaishi.

Nakuandikia kwa ufupi, vidole havinyooki kwa baridi. Jana wazee kumi waliketi langoni na kijiji kizima kikasimama. Shimri akasema yake. Kisha nikaitwa. Niliposema, "Ni kweli, nilimsikia mwanangu akitamka maneno yale," watu walishusha pumzi kwa pamoja, na Hananeli akafumba macho. Shahidi wa pili alikuwa amepatikana. Mzee wa kwanza alianza kuinua fimbo yake atoe hukumu, nami nikamwambia sijamaliza.

Nikasema mlivyochovya mkate mezani kwangu. Nikasema nani alikutuma msituni. Nikasema la shoka, la mtungi, swali lako na jibu langu. Sikulainisha.

Hananeli akaja mpaka mbele yangu, nikasikia pumzi yake usoni. Nikafikiri hapa ndipo ninapokufa. Akasema, "Mwalimu, sasa nimuue nani?" Akarudi akakaa.

Wazee wakashauriana hadi adhuhuri. Wamesema chuki ilikuwepo, kisha ilizikwa mbele ya mashahidi, na aliyeua ni mpini mkavu. Kaa Hebroni mpaka kuhani mkuu afe. Lakini ukikanyaga nje ya mawe, hata hatua moja, damu yako ni halali ya Hananeli, na hapo hakuna mzee atakayekutetea. Shika hilo.

Tangu jana hakuna anayenipigia hodi isipokuwa mvua. Vijana hawakuja leo kujifunza, na siwalaumu. Nina kikohozi kidogo. Hakina maana.

Baba yako, Meshulamu

*

Hebroni, mwezi wa tisa, siku ya nne

Baba.

Imla amekataa kunidanganya. Nilimuuliza kikohozi chako kikoje, akaanza kunisifia mitungi yake mipya, nikamshika kanzu. Amesema unatema damu. Amesema hujainuka kitandani tangu katikati ya mwezi uliopita, na kwamba kuna mtu anakuja kukuwashia moto na kukusomea barua zangu, lakini hakutaka kunitajia ni nani. Nadhani ni mwanafunzi wako mmoja mwenye moyo. Awe nani, namshukuru, na namwomba akusomee hii polepole.

Nakuja. Najua ulichoniandika, na najua utakachoniambia. Lakini siwezi kula mkate wa mama wa mtu mwingine hapa, na wewe unakufa bila mtu wa kukufunga macho. Ni mimi tu uliye naye.

Nitatoka siku ya kumi na moja, wakulima watakapokuwa wanatoka kwenda kupanda, nijichanganye nao. Sitapita barabara kuu. Nitashuka bondeni, kwenye njia ile ya wachungaji inayopita kisima kilichobomoka, nitokee nyuma ya shamba letu siku ya kumi na tatu. Hananeli hawezi kujua. Naogopa, sikufichi, nikifikiria kile kisima na miamba iliyoko pale. Lakini nitakuja.

Ningoje, baba. Hizo siku chache tu.

Elishama

*

Bethi-Haruvi, mwezi wa tisa, siku ya nane

Kwa Elishama.

Mwandiko huu unaujua. Ni ule ambao baba yako aliuita nyayo za kuku. Ni mimi, Hananeli.

Barua yako nimeisoma mimi. Ninayewasha moto ni mimi. Imla aliogopa kukwambia, akidhani utafikiri mabaya, na pengine ungekuwa sahihi kuyafikiri.

Nikueleze ilivyokuwa. Siku tatu baada ya hukumu baba yako alikuja kwetu mchana, peke yake, akapiga hodi. Mvua ilikuwa inanyesha. Akamweleza mama yangu habari ya shoka, upya, tangu mwanzo, kwa sababu mama hakuwepo langoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kisu kiunoni, naye alijua. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kaa hapa, mwalimu, hapo ulipo panavuja." Lile paa bado halina boriti. Alikaa saa nyingi akiwa amelowa, hakuthubutu kuomba aondoke, na mama hakuthubutu kumfukuza. Kikohozi chake kiligeuka kibaya siku hiyo.

Alipolala kitandani, mama alinituma nimpelekee mchuzi. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikaenda. Sikuenda kwa wema. Nilitaka kuona anavyokufa. Lakini mtu hawezi kukaa kumwangalia mwenzake anatetemeka na kuni ziko palepale. Nikawasha moto. Kesho yake nikaenda tena.

Jana asubuhi Imla alileta barua yako. Nilimsomea polepole kama ulivyoomba. Nilipofika pale pa kisima nilinyamaza, naye akaelewa kwamba nimeshapajua, na kwamba haiwezekani tena nisipajue. Hakunisihi. Hakunipa fundisho hata moja, yule mzee. Aliniuliza, "Hananeli, wewe unataka nini?" Nikamwambia namtaka kaka yangu. Akasema, "Na mimi." Baadaye kidogo akasema nikuandikie mimi mwenyewe, kabla hujasikia kutoka kwa wengine. Alikufa kabla ya adhuhuri. Macho nilimfunga mimi.

Tulimzika jana hiyohiyo, kabla ya jua kuzama. Watu walikuwa wachache, lakini walikuja, hata Shimri. Jeneza nilishika upande wa kichwani, mahali pa mwana. Hapakuwa na mwingine wa kusimama pale.

Sasa sikiliza. Usije. Hakuna tena wa kumwona. Nimempa Imla punda wangu, aliye mwepesi kuliko wake, ili barua hii ifike kabla ya siku ya kumi na moja.

Sijakusamehe. Usidhani hivyo. Kila nikipita chini ya lile paa nasikia sauti ya Pelatia ikilalamika juu ya mvua. Ukiwa ndani ya mawe, sheria inakusemea, na mimi napata usingizi. Ukiwa nje, damu ya kaka yangu itaniita kwa jina mbele ya kijiji kizima, na kwenye kile kisima najua mwamba wa kujificha, ni mimi na Pelatia tuliokuwa tunachezea hapo. Sijui nitafanya nini. Nimejiuliza usiku na mchana, sijui.

Kama barua itachelewa, na Imla akakukuta njiani umekwisha kutoka, basi ujue hivi: kuanzia siku ya kumi na moja mpaka ya kumi na nne nitakuwa nyumbani. Nimemwomba mama aufunge mlango kwa nje.

Hananeli mwana wa Zakuri